Chupa Iliyokawia Kwisha

Nilimpa ndugu yangu figo mwaka uleule niliorudi nyumbani kwetu Kibokoni na sanduku moja la nguo, baada ya ndoa ya miaka sita isiyokuwa na mtoto. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu ndilo lililowarahisishia wote. Kaka zangu wawili walikuwa na wake na watoto, na kila mmoja wao alipotajwa palikuwa na la kusema. Nilipotajwa mimi hapakuwa na la kusema. Damu ikapimwa, ikaafikiana nusu, na daktari akasema nusu yatosha. Mama alinishika mkono jikoni akaniambia, "Mwanangu, wewe huna anayekungoja." Hakukusudia kuniumiza. Alikuwa akinishukuru kwa njia aliyoijua.

Ndugu yangu huyu alikuwa kitinda mimba wetu, kijana wa miaka ishirini na saba. Alikuwa akisomesha chuoni, darasa la dini la watoto lililokuwa orofani mwa nyumba ya jirani, na sifa yake mtaani ilikuwa moja: matamshi. Marehemu baba alimfunza tangu mdogo kwa kumkalisha mbele ya kioo auone ulimi wake mwenyewe ukigusa wapi na kuacha wapi. Wazee waliokwisha kusikia wasomaji wengi walikuwa wakisimama chini ya dirisha la chuo, bakora mkononi, wakamsikiliza kisha wakaenda zao bila neno. Alipoanza kuvimba miguu, na mkojo kupungua, na ngozi kuwa ya kijivu, hakuacha kusomesha mpaka siku alipozirai ngazini.

Tukaenda India. Jamaa walichanga, na mjomba mmoja aliyekaa Uarabuni akasimamia safari. Nakumbuka kidogo: dari lenye feni, nesi aliyenisemesha kwa lugha nisiyoijua huku akinipapasa nywele, na maumivu ya ubavu yaliyonizuia kucheka kwa wiki tatu. Ndugu yangu alilazwa chumba cha pili. Siku ya nne aliletwa kwa kiti cha magurudumu mpaka kitandani kwangu, akasema, "Dada, nakojoa." Akaanza kulia, nami nikamwambia anyamaze kwani nitacheka na mshono utaniuma.

Tulirudi na katoni ya dawa. Zilikuwa tatu: vidonge vya aina mbili, na ya tatu mafuta ndani ya chupa ya rangi ya kahawia, iitwayo siklosporini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa yao. Ilipimwa kwa bomba dogo, ikachanganywa na maziwa, na harufu yake ilikuwa kama ya samli iliyochacha. Ndugu yangu alikuwa akifumba macho akaimeza yote kwa mkupuo, asubuhi na jioni.

Daktari wetu hapa Mombasa alikuwa mtu wa bara, mpole, asiyependa kuinua sauti. Aliniita mwalimu kwa kuwa nilikuwa nikisomesha shule moja ya msingi kule Ganjoni. Siku ya kwanza alitueleza hivi: "Mwili wake haujui kwamba figo hii ni ya dada yake. Unaiona kama mtu aliyeingia nyumbani bila hodi, na utampiga mpaka atoke. Dawa hizi zinaushika mwili mikono. Akiziacha, mikono inafunguka."

"Mpaka lini?" mama akauliza.

"Mpaka mwisho, mama."

Tangu mwanzo mimi ndiye niliyepima. Nilikuwa nikiamka, nikaswali, nikapima mafuta yale kwa macho ya mtu anayetia uzi kwenye sindano, kisha ndipo nikaenda kazini. Ndugu yangu alirudi chuoni. Uso ulimviringa, nywele zikamwota kwenye paji la uso na mashavuni mpaka karibu na macho, mikono ikamtetemeka hata kikombe kikalia juu ya kisahani. Hayo yote aliyachukulia kwa mzaha. Alisema amekuwa paka wa sokoni. Watoto wakamzoea.

Kisha zikaja fizi. Kwanza zilivimba baina ya meno, nyekundu, zikitoka damu akipiga mswaki. Halafu zikateremka. Mwisho wa mwaka zilikuwa zimeyafunika meno ya juu ya mbele karibu yote, ukaona ncha tu, kama kucha za mtoto mchanga. Daktari alisema ni ile dawa ya mafuta, na pengine kidonge cha presha alichomwongezea baadaye kinaisaidia. Akabadilisha kidonge. Fizi hazikubadilika.

Sikuelewa hasara ile ni kubwa kiasi gani mpaka alasiri moja mama aliponituma chuoni nikamwite. Nilisimama mlangoni. Msichana wa miaka saba hivi alikuwa mbele yake na ubao, akisoma herufi moja moja. Alipofika kwenye thaa, ile ambayo ncha ya ulimi hugusa ncha ya meno ya juu, alisema, "Saa."

"Si saa," ndugu yangu akasema. "Saa."

Msichana akamtazama. "Saa," akarudia.

"Nisikilize vizuri. Saa."

Watoto wa nyuma wakaanza kubana vicheko. Msichana, bila ubaya wowote, akasema, "Maalim, ndivyo nisemavyo."

Ndugu yangu akamwambia aendelee na herufi nyingine. Mtoto alipofika kwenye dhaal akasema zaal, wazi kabisa, kama alivyofunzwa, na ndugu yangu hakumsahihisha. Aliwaruhusu watoto mapema. Tuliposhuka ngazi aliniuliza, "Tangu lini?"

Nikamwambia sijui.

"Masikioni mwangu nilikuwa nikisikia sawa, dada. Wallahi nilikuwa nikisikia sawa."

Daktari wa meno alizikata fizi. Ndugu yangu alikaa wiki mbili akinywa uji, kisha kwa muda wa miezi mitatu akasoma kama zamani. Mwezi wa nne zikarudi. Akakatwa tena, zikarudi upesi zaidi. Hapo ndipo alipokwenda mwenyewe kwa mwenye chuo akamwomba amtafute mwalimu mwingine. Hakuna aliyemfukuza. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha baba kilichokuwa karibu na dirisha la orofani, na kwa miezi kadhaa hicho ndicho kikawa kikao chake.

Daktari aliona hali yake, akatwambia jambo ambalo nafikiri baadaye alijuta kulisema. Alisema kuna dawa mpya. Ng'ambo wameanza kuzitumia, na yeye amezisoma katika majarida ya madaktari. Zinaushika mwili vilevile lakini haziotesi nywele wala fizi, na zaidi ya hayo, haziidhuru figo yenyewe. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia kwamba hii yetu inaidhuru.

"Ina maana gani inaidhuru?" nikauliza. "Si ndiyo inayoilinda?"

"Inailinda, mwalimu. Na ikizidi, inaikausha. Tunatafuta katikati, na hapa kwetu hatuna mashine ya kuipima damuni. Nikitaka kujua iko ngapi, natuma damu Nairobi, na jibu linarudi baada ya siku kumi, pengine zaidi."

Aliwaandikia wale wa India kuuliza kama ndugu yangu anaweza kubadilishiwa. Tulingoja wiki saba. Ndugu yangu alianza kuinuka kitini. Akanyoa nywele za usoni. Siku moja nilimkuta na msichana wa mpangaji wetu wa chini, anamwonyesha kwa kidole mahali ulimi unapokaa, yeye mwenyewe asitamke kitu.

Barua ilipofika tuliitwa. Daktari aliisoma kimya, kisha akatueleza. Dawa zipo, na wanazijaribu palepale hospitalini kwao. Lakini wanawapa wagonjwa wapya tu, kuanzia siku ya upasuaji. Waliokwisha kupandikizwa zamani hawaingizwi.

"Mimi ni wa zamani?" ndugu yangu akauliza.

"Miaka miwili sasa."

"Na kuzinunua?"

"Hapa nchini hazijafika. Zikifika, nitakuwa wa kwanza kukwambia."

Tulirudi kwa miguu. Alitaka kutembea. Tulipofika Ngomeni palikuwa na kundi la watalii wanasimuliwa habari za Wareno, ikabidi tusimame wapite. Ndipo aliponiuliza, bila kunitazama, "Dada, mimi niwe hai nifanye nini?"

"Uwe hai basi. Yatosha."

"Yakutosha wewe."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba figo ile si yake peke yake, kwamba nimepasuliwa ubavu nimekwenda nusu, na kwamba wako watu waliozikwa wakiitamani nafasi kama yake. Aliniitikia, "Kweli, dada."

Wiki ile aliniambia nisihangaike tena kumpimia dawa, mikono yake haitetemeki sana siku hizi, ataipima mwenyewe, mimi niwahi kazini. Nikakubali. Nasema ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka na harufu ile.

Chupa moja ilikuwa ikitutosha siku kumi na saba. Nilizijua siku hizo kama mwanamke anavyozijua siku zake, kwa maana nilikuwa nikitia alama kwenye kalenda iliyokuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Siku ya kumi na saba nilichungulia kabatini nikaona mafuta bado yapo. Siku ya ishirini yapo. Siku ya ishirini na tatu niliishika chupa nikaiinua kwenye mwanga, nikaona imebaki ya kutosha wiki nyingine. Nikairudisha mahali pake, lebo ikielekea ilikoelekea.

Ningeweza kumuuliza siku ile. Nilijiambia nitamuuliza Ijumaa, nikiwa sina haraka. Ijumaa ikapita. Kisha ikaja alasiri moja nimerudi kutoka shule, nimesimama chini ngazini nikivua viatu, nikamsikia. Alikuwa peke yake orofani, anasoma polepole. Thaa ilikuwa thaa. Dhaal ilikuwa dhaal, laini, imekaa mahali pake kama alivyoiweka baba. Mama alikuwa amekaa ngazi ya tatu na sinia la mchele mapajani, hachagui, anasikiliza tu. Aliponiona aliweka kidole mdomoni ili nisifanye kishindo. Nikakaa kando yake. Nilikuwa najua kwa nini fizi zimepungua. Nilikaa pale nikasikiliza mpaka akamaliza.

Siku sita baadaye ilikuwa zamu yake ya kwenda kupimwa. Daktari alitazama karatasi ya maabara. Kipimo cha figo kilikuwa kimepanda, dalili kwamba haisafishi damu vizuri.

"Kuna mambo mawili," alisema, "na yote mawili yanaonekana hivihivi kwenye karatasi. La kwanza, dawa imezidi na inaiumiza figo. Hapo dawa yake ni kupunguza mafuta. La pili, mwili umeanza kuikataa figo. Hapo tukipunguza tunaimaliza." Akamgeukia ndugu yangu. "Unakunywa yote? Asubuhi na jioni, kipimo kilekile?"

"Yote," akasema.

Daktari akanitazama mimi. Kwake yeye, mimi ndiye mpimaji bado. Alikuwa hajaambiwa vingine.

"Yote, daktari," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa na aibu kumuumbua mbele ya mtu. Nilikuwa na ile sauti ya ngazini masikioni. Pia, na hili nalisema kwa shida, nilisikia neno "kupunguza" nikaona mlango: daktari mwenyewe apunguze, iwe ni amri yake, na ndugu yangu abaki na meno yake, nami nisiwe nimeficha chochote. Sikuwa na akili ya kuona kwamba nitakuwa nimeficha mara mbili.

Daktari alitoa damu ya kupeleka Nairobi, akasema hawezi kungoja siku kumi huku figo inaumia, akapunguza mafuta kwa robo. Ndugu yangu naye, kama nilivyokuja kujua, akapunguza robo ya kile alichokuwa akinywa, si ya kile kilichoandikwa.

Siku ya nane aliamka na homa. Mahali ilipokuwa figo, chini ya tumbo upande wa kulia, pakawa pagumu na panauma pakiguswa na shuka. Mpaka adhuhuri alikuwa amekojoa mara moja, kidogo tu, rangi ya chai. Tulimpeleka hospitali, akadungwa dawa kali mshipani siku tatu mfululizo ili kuutuliza mwili. Siku ya kwanza homa ilishuka tukafikiri dawa imekubali. Siku ya tatu daktari alisimamisha sindano, akasema akiendelea mwili utabaki bila kinga, auawe na maradhi mengine.

Jibu la Nairobi lilifika siku hiyohiyo. Aliniita ukumbini, mbali na mama.

"Ile damu imerudi, mwalimu. Dawa ilikuwa chini sana. Chini kabla mimi sijaipunguza."

Alinitazama kwa muda wa kutosha mtu kusema jambo. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyake.

"Labda wamekosea kupima," nikasema.

"Labda," akasema, akaikunja karatasi ile akaitia mfukoni.

Figo yangu haikurudi kufanya kazi. Ndugu yangu aliwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki ilipokuwa nzima, mara moja ilipoharibika, na ziko wiki ambazo hakusafishwa kabisa akalala ameketi kwa kukosa pumzi. Habari za figo nyingine hazikutajwa na mtu. Kaka zangu walikuja, wakakaa, wakaondoka.

Kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kulinda, dawa ya mafuta iliachishwa polepole mpaka ikakoma. Nywele zikapukutika usoni. Mikono ikatulia. Fizi zikapanda mpaka meno yote yakaonekana, meupe, mazuri kama ya kijana asiyewahi kuugua. Alizipata herufi zake zote. Ila pumzi hakuwa nayo. Akisoma mistari miwili ilimbidi aegemee mto. Mama alimwambia, "Pumua kwanza, mwanangu, zaja zenyewe." Nilikuwa nikitoka chumbani wakati huo, nasingizia jungu motoni.

Tulilizungumza mara moja tu. Alikuwa kwenye mashine, damu inazunguka mipirani, mimi nimekaa kando nasahihisha madaftari ya shule.

"Ulimwambia yote," alisema.

"Nilimwambia."

"Ulikuwa wajua?"

"Chupa ilikuwa haiishi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungeacha?"

"Sijui," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Mimi nilidhani huangalii. Nilifurahi huangalii." Akafumba macho. Nikaendelea kusahihisha, na jioni nikagundua madaftari sita nimeyapa alama bila kuyasoma.

Alifariki mwezi wa kumi na moja wa mashine, asubuhi, akisubiri kupelekwa hospitali. Gari lilikuwa limeshafika mlangoni.

Matangani wanawake walinijia mmoja mmoja. Walinishika mkono wakasema hapana dada kama mimi, nimetoa kiungo changu, Mola atanilipa. Mama alikuwa akiwahadithia wageni jinsi nilivyokuwa nikiipima dawa ile tone kwa tone kabla ya jua kupanda. Kila mmoja alisema, "Mashallah," nami nikaitikia yaliyopaswa kuitikiwa.

Eda ya mtu kumlilia nduguye haiandikwi, lakini mimi nilikaa miezi minne kabla ya kwenda kwa daktari. Nilimkuta ana foleni ndefu. Nilipoingia alisimama akanipa pole tena. Nikamwambia nimekuja kusema jambo. Nikalisema, tangu siku ya kumi na saba mpaka siku ya "yote, daktari."

Hakushangaa. "Nilijua siku jibu lilipofika," alisema.

"Mbona hukuniuliza?"

"Alikuwa mahututi, mwalimu, na mama yenu alikuwa pale." Akaokota kalamu mezani akaiweka tena. "Na mimi nilikuwa na langu. Ningengoja lile jibu la Nairobi kabla ya kupunguza, nisingepunguza. Niliwaamini kwa sababu nilitaka iwe dawa imezidi. Nami nilikuwa nimechoka kuitazama midomo yake."

Nilingoja aseme kitu kingine, kwamba pengine figo ingekufa tu, kwamba mwili ungeikataa hata angekunywa yote. Hakusema. Nilimuuliza kama zile dawa mpya zimefika.

"Bado," akasema. "Nairobi kuna wawili watatu wanaoletewa na jamaa zao. Hapa bado."

Nesi alifungua mlango akataja jina la mgonjwa mwingine. Nikainuka. Nje, kwenye benchi, watu walijisogeza kuziba nafasi ya yule aliyeitwa.